Hisia Zilizomo Kwenye Orodha

Vitabu vya fasihi ya Kiingereza hapa shuleni kwetu, mjini Ipoh, ni vya serikali. Mwanafunzi anaazimwa kitabu, mwisho wa mwaka anakirudisha kikiwa safi. Kwa hiyo uchambuzi unaandikwa kwa penseli, kisha unafutwa. Aliyekitumia kabla yako hubaki pembeni mwa mashairi kama uchafu wa kijivu: "tashibiha", "mauti", "mauti tena".

Mwalimu Norliah alikuwa na utaratibu wake. Tamathali pigia mstari, neno linalojirudia zungushia duara, na pembeni andika hisia yako, ukiichagua kwenye orodha aliyoibandika ukutani: huzuni, furaha, hofu, majuto, matumaini. Huzuni ndiyo iliyokuwa na wateja wengi, kwa kuwa haikuwahi kumnyima mtu alama.

Thevaki, msichana wa kidato cha tano, alifiwa na baba yake, fundi wa viyoyozi, muhula ule ulipoanza. Hakulia. Shangazi zake walimkalia kama watu wanaosubiri maji yachemke, wakachoka, wakaondoka wakinong'ona. Kila mgeni aliyeingia nyumbani alimuuliza anajisikiaje. Darasani kwa Norliah watu waliulizana kiti cha kwenye shairi kinajisikiaje. Ndiyo maana alilipenda somo lile, kama kupenda ndilo neno lenyewe.

Kisha mkuu wa shule akatangaza kwamba atakayeshindwa zoezi la uchambuzi atahamishiwa Uhasibu. Thevaki hesabu alikuwa anaziweza. Tatizo ni kwamba mwalimu wa Uhasibu alikuwa rafiki wa marehemu, tena mtu wa kumjulia mwenzake hali kila asubuhi.

Shairi la zoezi lilihusu kiti cha mzee aliyekufa. Miguu ya kiti imeelezwa mmoja mmoja, na mto wake una doa la chai.

"Kiti ni mauti," alisema Boon Hock, aliyekaa naye dawati moja.

"Na mto?"

"Mauti."

"Chai je?"

"Chai ya maziwa. Ila we weka mauti tu, usije ukajuta."

Thevaki alipiga mistari yote inayostahili, akazungusha maduara. Kwenye nafasi ya hisia aliandika: Sihisi kitu.

Wenzake walipokwisha kutoka, Norliah alimwita.

"Thevaki, mwanangu, hii haimo kwenye orodha."

"Najua, mwalimu."

"Na wewe tena, uliye na..." Mwalimu alitafuta neno. "Uliye na malighafi." Alikuwa mwanamke mwema, na wema wake haukuwa na breki. "Andika huzuni. Neno moja. Nikupe alama zako ubaki hapa."

"Sina, mwalimu."

"Basi nithibitishie kwa shairi. Si nimewafundisha kila dai lina ushahidi wake? Usiponiletea kesho, mama, ni Uhasibu."

Siku ya mazishi ya baba yake, Thevaki alikuwa amesoma maandishi yote yaliyokuwa nyuma ya feni ya ukumbini: nguvu ya umeme, nchi ilikotengenezwa, onyo kuhusu watoto. Angeweza kuyakariri hata leo. Hakumwambia mtu. Kesho yake alileta haya, kwa penseli:

"Msemaji hasemi popote kwamba ana huzuni. Anataja miguu ya kiti. Anataja doa na upana wake. Mzee mwenyewe hamwelezi. Anayelia hapati nafasi ya kuangalia miguu ya kiti."

Norliah alisoma, akarudia kusoma. Aliandika alama, nazo zilitosha. Hakumshika Thevaki bega, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo kubwa. Alichukua kalamu ya wino mzito, akaenda ukutani, akaongeza chini ya orodha: ganzi.

Wiki iliyofuata walisoma shairi la msimu wa durian, lile tunda la miba lenye harufu kali. Karibu darasa zima liliandika ganzi.

"Boon Hock," alisema Norliah, "unapata ganzi kwa durian?"

"Ya ulimi, mwalimu."

Darasa likacheka. Thevaki aliandika furaha, kwa kuwa ushahidi wake ulikuwa ubeti wa pili, akaupigia mstari, akafungua ukurasa uliofuata.