Jicho la Mama Lililokataa Kufumba

Nilipokuwa mtoto, huko mtaani Kianda, mama aliamka asubuhi moja upande wa kushoto wa uso wake umelala. Chai ilimtiririka pembeni mwa mdomo, na jicho la upande huo likakataa kufumba. La kulia lilipepesa kama kawaida. La kushoto lilitukodolea tu, hata akisinzia. Jirani alisema amezabwa kofi na jini. Mimi niliogopa hata kukaa mkabala naye wakati wa kula.

Daktari wa kliniki alimweleza mbele yangu. "Kope ina msuli wa kuifungua na mwingine wa kuifunga. Huu wa kufunga ndio umelala. Utaamka polepole, lakini jicho likikauka litaharibika. Ukilala, mtu alifunge na kidole, abandike plasta."

Dani, ndivyo tulivyomwita nyanya mzaa mama, alikuwa amekuja kutoka ushago, kijijini kwao, kumuuguza. Aliiweka ile plasta tuliyopewa kliniki juu kabisa ya kabati.

"Jicho hufungwa na mkono mtu akishakufa," alisema. "Mkilifunga akiwa hai mnamwitia kifo. Mtu asimguse."

Nani angebishana na Dani? Jicho likawa jekundu, kisha mama akaanza kulalamika kwamba anaona ukungu. Kila mmoja wetu alisikia, lakini plasta ikabaki juu ya kabati.

Mchana mmoja mama akiwa amelala, nzi akatua kwenye lile jicho, na halikupepesa. Nilishindwa kuvumilia. Nikaishusha kope kwa kidole. Nikiachilia, inapanda tena. Basi nikaishikilia, nikikitazama kifua chake kwa hofu ambayo sijawahi kuipata tena.

Dani akaingia na mtungi wa maji. Nilingoja kofi. Akauweka chini, akaketi kitandani, akalaza kiganja juu ya kifua cha mama.

"Anapumua?" nikauliza.

"Nyamaza. Shikilia."

Tulikaa hivyo mpaka mama akafumbua jicho lake zima, akatutazama.

"Kwani hapa kuna matanga?"

Dani alicheka, kisha akalia, kisha akapanda kwenye stuli kuitafuta plasta.

Baada ya wiki kadhaa kope ilirudi kupepesa yenyewe. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho cha wazee na mambo yao. Siku hizi, nikiwa na watoto wangu, sicheki. Kabla ya mchana ule, Dani alikuwa ameyafunga kwa mkono wake macho ya mumewe na ya watoto wake wawili, na hakuna hata mmoja aliyeamka kumuuliza kitu.