Ubao wa Macho Kijijini Kigwa

Barua ya chuo ilisema nakwenda Kigwa kuwafundisha wanafunzi sita wa udaktari kutambua magonjwa ya macho ya kila siku. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hamu ya kumwona mama. Miaka minne, jamani! Mara ya mwisho aliniaga stesheni akipungia mabehewa yote, la kwanza hadi la mwisho. Nilicheka sana: mama huyu anaaga hata asiowajua.

Tulipopita Itigi nikawaambia wanafunzi kwamba huku ndiko walikopita wapagazi wa misafara, miezi mitatu kwa miguu, wakiwaza kwao Unyamwezi. Mimi nilikuwa nimekaa kitini na bado nikaiona treni inajikokota.

Kigwa, saa nne asubuhi. Mama alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Mbona sauti nzito, una mafua?"

Akanishika uso kwa mikono miwili, akaupapasa taratibu mpaka kidevuni. Nikalia kama mtoto.

Kesho yake tulianza kazi zahanati. Tulitundika ubao wa herufi E zinazotazama huku na kule. Mgonjwa anaonyesha kwa mkono kila moja inakoelekea. Kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, nikatoa amri ya haraka: anayepita ubao bila kosa aende zake. Mama alikaa benchi muda mrefu akipiga soga, kisha akaitwa. Juu, kulia, chini, kulia, kushoto. Hakukosa hata moja.

"Daktari, bibi anaona kuliko mimi!" alisema Neema, mwanafunzi aliyempima. Nilifurahi mno.

Mchana, nyumbani, mama alinimiminia chai. Kidole chake kilikuwa ndani ya kikombe, kinasubiri chai ifike. Chai ya moto! Nikamshika mkono, tukarudi zahanati.

Niliugeuza ubao juu chini. Mama akaonyesha vilevile: juu, kulia, chini, kulia, kushoto. Benchi zima likainamisha vichwa. Kumbe kila aliyetoka alikuwa akiwaambia waliobaki majibu, kwa wema tu, kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia. Nikawasha tochi. Mboni zote mbili zilikuwa nyeupe.

"Mama, kwa nini?"

"Ukijua sioni utanihamishia Dar. Kaburi la baba yako nimwachie nani?"

"Sikuhamishi. Huyu ni mtoto wa jicho, anatolewa Tabora, kisha unarudi hapa hapa."

"Apa."

"Haki ya Mungu, mama."

Jioni ile Neema na wenzake walizunguka nyumba kwa nyumba kuwarudisha waliopita asubuhi. Wakapatikana wengine watatu.

Tabora tulikaa kwa mama mdogo, mtaa wa Chemchem. Daktari wa huko alianza na jicho moja. Bandeji ilipotolewa, mama alinitazama muda mrefu, na mimi sikujua niweke wapi uso wangu.

"Una mvi," akasema, akaanza kulia.

Sasa wanafunzi wangu wapya wanageuza ubao kwa kila mgonjwa, na tochi inawashwa hata kwa aliyepita. Nawasimulia pia kisa cha daktari wa macho aliyepapaswa uso na mama yake asielewe, kwa kuwa alikuwa na hamu naye mno. Siwaambii ni nani, ila Neema anajua.

Siku ya kurudi Dar, mama alinisindikiza stesheni ya Kigwa. Nilipanda behewa la nne, sikumwambia. Treni ikaanza kusogea. Mama alisimama, mikono chini. Likapita la kwanza, la pili, la tatu. Dirisha langu lilipomfikia, akainua mkono.