Fundi Rangi Anayeona Aibu Kutaja Bei

Saa moja kasorobo asubuhi, Maisaka, mjini Babati, bado ina ubaridi wa usiku, na Damasi Sulle anakwangua ukuta wa sebule alioupaka mwenyewe. Rangi inaanguka kama unga. Imeingia kwenye nyusi, imeingia masikioni, na kila baada ya muda anashuka kwenye ngazi kukohoa.

"Hii si kazi, ni adhabu," anasema, akijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nimejihukumu mwenyewe. Mwenye nyumba hakunihukumu. Angenihukumu ningekuwa na nafuu."

Mwenye nyumba ni Salme, mjane anayeuza vitenge na khanga sokoni Babati, ambaye mji mzima unamwita Mama Feisal. Asubuhi hii amemletea fundi chai ya maziwa na chapati mbili, kisha akarudi jikoni bila kuutazama ukuta. Damasi anainywa akiwa ameupa mlango mgongo.

Damasi ana miaka arobaini na mmoja, mkulima wa kijiji cha Mutuka aliyejifunza kupaka rangi Arusha kabla mkoa haujagawanywa. Manyara ilipoanza kujitegemea na Babati ikawa makao makuu, alirudi nyumbani mbio. Ofisi zilihitaji majengo, watumishi walihitaji nyumba, na nyumba zilihitaji rangi. Mtu mwenye brashi na rola hakuwa na sababu ya kulala njaa.

Hata hivyo alilala njaa mara nyingi, na sababu yake ingechekesha kama isingekuwa inaumiza. Damasi hawezi kutaja bei.

Mteja akimuuliza kiasi gani, anatazama chini, anafikicha nywele za brashi kwa kidole gumba, kisha anatoa jibu ambalo wengi wetu wa huku tumelirithi kwa wazazi: "Wewe utanipa utakachoona."

Mkewe, Anastasia, anaijua tabia hiyo kuliko mtu yeyote. "Hapa nyumbani anajua bei ya kila kitu, mpaka ya chumvi," anasema. "Akisimama mbele ya mteja, ulimi unakufa. Hasa mteja akiwa mtu aliyewahi kumtendea wema. Anaona kama anamdai mama yake mzazi."

Na Mama Feisal alikuwa amewatendea wema. Anastasia alipojifungua Rose, binti yao wa kwanza, alitoka hospitali akiwa amefunikwa khanga mpya mbili kutoka duka la mama huyo, na hakuna aliyeziulizia hadi leo. Kwa hiyo Mama Feisal alipomwita Damasi mwaka jana apake nyumba kabla ya harusi ya binti yake, Amira, jibu lilikuwa lile lile. Utanipa utakachoona, mama.

Mama Feisal aliona laki moja na nusu, rangi na ufundi pamoja. Damasi akaipokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Hapo ndipo msomaji anayepanga kupaka nyumba yake anapaswa kusogea karibu, maana hesabu hii ni yake pia. Nyumba ile ina sebule, vyumba vitatu na ukumbi mwembamba. Ili ipakwe mara mbili kama inavyotakiwa, inahitaji ndoo nne za rangi ya maji, na ndoo moja ya lita ishirini dukani si chini ya elfu thelathini na nane. Kabla ya rangi kuna puti ya kuziba nyufa, msasa wa kusawazisha, na rangi ya kwanza ya kushikisha, ambayo haionekani kazi ikiisha na kwa hiyo hakuna anayependa kuilipia. Vitu hivyo ni kama elfu sitini. Ufundi wenyewe ni laki na ishirini. Jumla inapita laki tatu.

"Watu wanadhani wanalipia rangi," Damasi anasema. "Rangi ni ya mwisho. Wanalipia ukuta uandaliwe. Ukimpa fundi nusu ya fedha, hatakuachia nusu ya ukuta. Ataupaka wote, halafu nusu ataificha ndani."

Na yeye akaificha. Alinunua ndoo mbili badala ya nne, akazirefusha kwa maji. Mahali pa rangi ya kushikisha akapiga chokaa. Nyufa alizipitia kwa brashi tu. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aibu ya ukuta anaijua fundi rangi. Alipokabidhi kazi, sebule ilikuwa na rangi ya maziwa, safi, inapendeza. Mama Feisal alimwombea dua na kumwalika harusini.

Damasi alivaa shati lake la kanisani akaenda. Alikaa chini ya turubai pamoja na wanaume. Wanawake walikuwa sebuleni, wameketi juu ya mikeka, wameegemea ukuta kama ilivyo desturi, wote katika mabuibui meusi. Waliimba, walipiga vigelegele, na kila walipotikisika kwa kicheko migongo yao ilisugua ukuta.

Kisha wakatoka nje kumsindikiza bibi harusi.

"Migongo yote ilikuwa myeupe," anasema, na hapa anaacha kukwangua. "Yote. Mama mmoja aliyetoka Kondoa, upande wa bwana harusi, akamgeuza mwenzake akaanza kumpangusa. Akapangusa, ikasambaa. Wengine wakaanza kupangusana. Mtu akauliza kama Babati buibui zinauzwa hivyo hivyo zikiwa na unga. Watu wakacheka. Na mimi nimekaa pale, kila mtu anajua fundi ni nani."

Mama Feisal alichukua sahani ya pilau yenye mnofu mkubwa, akamletea Damasi mwenyewe, kabla ya wageni wengi. "Karibu, Baba Rose," akamwambia. Akaondoka.

"Nilikula," Damasi anasema. "Ningekataaje? Lakini bora angenitukana mbele ya wale watu."

Tangu siku hiyo alianza kukwepa. Akienda sokoni alizunguka upande wa mashine za kusaga ili asipite mbele ya duka. Masika yote yakapita hivyo. Mama Feisal anasema alikuwa akimwona. "Mtu mrefu kama yule utamficha wapi? Nilikuwa nasema, huyu anadhani mimi nina macho ya upande mmoja."

Mwezi huu, Damasi alishindwa kuendelea kujificha. Aliuza ndama, akanunua ndoo nne na vifaa vyote, akaja kugonga mlango huu kabla mwenye duka hajaenda sokoni. Hakuomba msamaha kwa maneno, anasema, kwa sababu hakuyapata. Alisema tu, "Shikamoo mama, nimekuja kumalizia kazi." Naye akajibu, "Marahaba. Ngazi ipo uani."

Ukuta unaweza kukwanguliwa. Tatizo ni ulimi. Damasi anajua kwamba asipojifunza kutaja bei kabla ya kufungua ndoo, atarudi kuwa yule yule aliyewachafua watu migongo, na safari hii hana ndama mwingine wa kuuza.

Mtihani unakuja kabla ya saa nne. Mzee Aminiel, bwana misitu mstaafu wa mtaa wa Bagara, anaingia uani akiwa na fimbo yake, na Damasi anatoka kumsalimia, brashi mkononi. Amejenga, anatafuta fundi. Vyumba vitatu na sebule. "Utanifanyia kiasi gani?"

Damasi anatazama chini. Kidole gumba kinatafuta nywele za brashi. Mwandishi naye anatazama pembeni.

"Ufundi laki na ishirini, mzee. Vifaa nitakutajia, utanunua mwenyewe."

"Laki na ishirini kwa kupaka tu?" Mzee anacheka kwa mshangao. "Mimi na baba yako tumechunga ng'ombe pamoja, Damasi. Pale stendi kuna fundi anafanya kwa hamsini."

Damasi anageuza brashi mkononi. Mzee anasubiri kidogo, anaaga kwa heshima, anaondoka. Anapofika barabarani, Damasi anaweka brashi chini na kuelekea langoni kwa haraka.

"Baba Rose, unakwenda wapi?" Ni Mama Feisal, amesimama mlangoni.

"Namwahi mzee, mama. Nimwambie atanipa atakachoona."

"Njoo hapa kwanza." Anasubiri hadi amsogelee. "Mwaka jana nilikuwa nimetenga laki nne kwa nyumba hii. Nilikuuliza bei, hukuitaja. Nikajaribu laki na nusu, ukashukuru mpaka ukainama. Nikadhani ndiyo bei yenyewe. Kwa zilizobaki nikaongeza mbuzi wa pilau."

Damasi amesimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Kumbe wageni walikula fedha za ukuta ule ule waliouegemea, na yeye alikula nao.

"Ungenitajia ningekulipa," mama anasema, bila ukali. "Hukunipa nafasi ya kukulipa. Hiyo ndiyo iliyoniuma, siyo buibui."

Fundi anafumba macho. Machozi yanachora mistari kwenye vumbi la usoni, naye hajishughulishi kuyafuta. Baadaye anarudi kwenye ngazi. Mzee Aminiel ameshapotea barabarani, na hakuna anayemfuata.

"Mpango wangu ni mmoja," anasema akiwa juu. "Bei kwanza, ndoo baadaye. Nitapoteza wateja, najua. Rahisi huvunja upishi, lakini bado watu wanakipenda cha bei rahisi. Acha nikose kazi tano, nipate moja nitakayopita mbele ya ukuta wake bila kugeuza uso."

Mwandishi wa makala haya amepanga vyumba viwili Bagara, na kuta zake zinasikitisha. Akamuuliza fundi, nusu kwa utani, angemfanyia kiasi gani.

Damasi alishuka. Safari hii hakutazama chini, ingawa ilionekana wazi kwamba alitamani. "Ufundi elfu sitini," alisema. "Ndoo mbili za rangi, puti, msasa na rangi ya kushikisha utanunua wewe."

Mwandishi alikuwa ameshafungua mdomo kuomba apunguziwe, kwa mazoea tu, kama tunavyoomba kila mahali. Mama Feisal alikuwa bado mlangoni, anamtazama. Mwandishi akahisi uso unawaka moto, akauliza kazi ianze lini.