Ukurasa Uliokunjwa

Simvumilii mtu anayekunja ukurasa wa kitabu. Nasema mapema ili ijulikane. Ukiazima kitabu changu ukakirudisha kimekunjwa pembe, hata kama wewe ni shemeji yangu na umenijia na kilo ya sukari, nakwambia usoni, na kitabu kingine hupati. Ndivyo nilivyolelewa. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mhunze, na vitabu vyake vyote vilienea kwenye katoni moja ya mafuta ya kupikia. Tuliruhusiwa kusoma chochote kilichokuwa ndani ya katoni ile, lakini ole wako ukunje ukurasa.

"Chomeka kitu," alikuwa akisema. "Chochote."

Nasi tukachomeka chochote. Bua la mtama lililopasuliwa, unyoya wa kanga, kijiti cha ufagio. Siku moja nilichomeka mchembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikasahau. Panya walikula mchembe na mwisho wa hadithi, na mpaka leo sijui yule binti wa kwenye kitabu aliolewa na nani. Baba hakunipiga. Alisema angalau sikukunja.

Mume wangu, enzi za uchumba, aliazima kitabu akakirudisha kimekunjwa kila sura. Wakati huo nilikuwa tayari fundi cherehani, na kibaraza changu ni hiki hiki cha nyuma ya soko la Shinyanga mjini. Sikumwambia neno. Niliwasha pasi ya mkaa, nikatandaza kitambaa chenye unyevu, nikanyoosha ukurasa mmoja mmoja mbele ya macho yake. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akaja kuposa, na toka siku ile hakukunja tena.

Sasa yeye yuko machimboni, upande wa Geita, mimi niko hapa na watoto. Kitabu kinasafiri kati yetu. Namkabidhi kondakta wa basi kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na soksi na karanga, na baada ya wiki mbili au tatu kinarudi kwa kondakta yule yule. Kila mtu ana alama yake. Mimi huchomeka mabaki ya vitambaa: ukanda wa sare ya shule, kipande cha kitenge cha mteja. Anayepokea anasoma mpaka alipoishia mwenzake, kisha anaendelea mbele kadiri muda unavyomruhusu. Riwaya tuliyo nayo safari hii ni ya upelelezi, nene, na tumeshagombana kwenye simu kuhusu nani muuaji. Yeye anasema daktari. Mimi nasema mjane, maana analia mno.

Alama zake ndizo barua zangu. Mume wangu kwenye simu ni mtu wa "tuko salama, tuko salama," humtoi zaidi ya hapo. Lakini kikija kitabu na unyoya wa kuku ndani, najua wamekula vizuri. Kikija na kipande cha mfuko wa saruji, najua kuna kujenga. Kuna wakati kilikuja na karatasi inayong'aa ya kwenye pakiti ya sigara, nikampigia saa hiyo hiyo, akaapa kwamba ni ya jirani yake wa kwenye kibanda. Nilimnusa aliporudi. Kweli ilikuwa ya jirani.

Kabla ya kwenda kule aliniapia jambo moja. Kaka yake alifia kwenye duara, ndivyo wanavyoita shimo la dhahabu. Udongo ulimfunika mchana kweupe, na sisi tuliozika tulizika mtu tuliyekatazwa kumtazama. Baada ya arobaini mume wangu alisimama mbele ya mama yake na mbele yangu, akasema yeye hatashuka. Atafanya kazi juu, kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Karasha lina kelele na vumbi, lakini halimfuniki mtu. Kwa kiapo hicho ndipo mimi nalala usingizi.

Vuli hii, mvua zilipoanza, kitabu kilikuja na lastiki.

Niliishika nikiwa nimesimama mlangoni, kondakta hata hajageuka. Lastiki pana, nyeusi, yenye mstari wa njano, urefu wa kiganja. Lastiki ni kazi yangu, naiweka kwenye sketi kila siku ya Mungu. Hii haikuwa ya sketi wala ya suruali. Ilikuwa ya tochi ya kichwani. Udongo mwekundu umeingia kwenye nyuzi, jasho limekauka na kuacha chumvi nyeupe. Nikaivuta. Lastiki mpya ukiivuta inakurudia, hii ilivutika ikabaki hivyo hivyo, imechoka. Lastiki haichoki kwa siku mbili.

Nilijitafutia maneno. Nikasema ameiokota. Nikasema ni ya yule jirani wa sigara. Hata kwenye karasha, nikasema, watu wanafanya kazi na usiku, wanahitaji mwanga. Kisha nikaigeuza, nikaona mahali ilipopunguzwa ili ibane. Imeshonwa kwa mkono, mishono mibaya, mirefu kama ya mtoto wa darasa la pili, kwa uzi wa rangi ya chungwa. Uzi ule niliuzungusha mimi kwenye njiti ya kiberiti, nikampa ashonee vifungo. Na kichwa cha mume wangu ni kidogo, kofia zote zinamvuka.

Jioni akapiga. Sikuuliza. Niliogopa kuuliza, nasema ukweli, maana nikishauliza naye akajibu, nitafanya nini? Nikamuuliza tu mbona mchana simu yake haipatikani kamwe.

"Naipeleka kuchajiwa, mama watoto."

"Kila mchana?"

"Betri imezeeka."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alikuwa akinisindikiza ndani yake polepole, na mimi nilikuwa nikimfuata. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutazama mawingu. Hapa Shinyanga mvua tunaiomba. Mama yangu mzazi huishangilia ikigonga bati. Mimi ikianza kunyesha nilikuwa naacha kushona. Ukitazama magharibi ukaona kumekuwa kweusi, ujue kule imeshalowa, na udongo ukilowa unakuwa mzito, na juu ya kichwa kile kidogo sijui kuna nini kimeushikilia.

Mteja mmoja, mama mtu mzima anayeuza dagaa sokoni, alikuja kuchukua gauni lake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa, akajipepea na khanga. Kisha akasema kama mtu anayezungumzia bei ya nyanya:

"Umesikia ya Geita, mayu? Duara limetitia asubuhi hii. Watu wamo ndani."

Nikamuuliza machimbo gani. Akataja yale yale.

Nilipiga simu, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Yule mama akagundua, akashika mkono wangu, na mkono wake ulinuka dagaa na nilitamani asiuachie. Alipoondoka nikarudi kwenye cherehani kwa sababu sikujua pa kwenda. Nikashona mkono wa kushoto wa blauzi upande wa kulia, nikafumua, nikaushona tena pale pale. Nilisema nisipige simu mpaka nimalize pindo, na kabla ya kumaliza nilikuwa nimeshapiga. Nikaiwekea simu nadhiri, nikaitukana, nikaiomba msamaha.

Hapo nikakifungua kitabu. Nilikuwa bado sijafika kwenye alama yake, lakini nikaruka kurasa zote nikaenda pale ilipo lastiki, nione macho yake yaliishia wapi. Ulikuwa ukurasa wa kawaida kabisa. Mpelelezi anakunywa chai, anauliza kama kuna sukari. Nilisoma sentensi ile ya sukari mpaka ikapoteza maana. Nilikuwa nikifikiri: kama ndiyo ya mwisho aliyosoma, hajui hata kama sukari ililetwa.

Akapiga jua likizama. Nilisikia pumzi yake kabla ya sauti, nikakaa chini sakafuni katikati ya mabaki ya vitambaa.

"Mimi mzima," akasema. "Ni duara la jirani. Tulikuwa tunawatoa wenzetu."

"Wametoka?"

"Wengine."

Sikumuuliza aliingia wapi kuwatoa, na kwa tochi gani. Nikamwambia aje nyumbani.

Alikuja Jumamosi, kucha zimevunjika, watoto wakamrukia. Nilimwacha akaoga, nikampa ugali na mlenda, na watoto walipotoka kucheza nikaiweka lastiki kando ya sahani yake. Aliitazama. Hakujifanya haijui, namshukuru kwa hilo.

"Nilikosa kitu cha kuchomeka," akasema. "Sikutaka kukunja."

Hasira iliyonipanda sijawahi kuiona. Mtu anachunga pembe ya karatasi, kichwa chake anakipeleka chini ya udongo! Nikamwambia hivyo hivyo, na mengine ambayo siyaandiki. Akanisubiri nimalize. Akasema karasha lilisimama kitambo, mwenye mashine alilihamisha, na kazi iliyobaki ni ya chini tu. Pamba yetu ya mwaka juzi ilikauka shambani mbele ya macho yangu, je, arudi kulima jua? Akasema kaka yake aliponzwa na matimba mabovu, yale magogo ya kushikilia kuta za duara. Yeye matimba yake anayakagua mwenyewe kila asubuhi.

"Kaka yako naye alikagua," nikasema.

Akamalizia ugali wake polepole. Nilidhani nimemshinda, na Jumapili nzima nilitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Kanisani niliimba kwa sauti. Jumatatu alfajiri nikamkuta uani anafua zile nguo za kazi.

Kuna wanawake ambao wangelala mlangoni. Mimi nililia, nikamtishia kwa mama yake. Halafu nikasimama, nikachukua futi yangu. Nikamwambia akae kwenye stuli, nikampima kichwa, juu kidogo ya nyusi na kuzunguka nyuma. Nikakata lastiki mpya kutoka kwenye roli, ile nene ya sketi za wanafunzi, nikaishona kwenye tochi yake mishono mitatu juu ya mitatu. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote, ikanirudia mkononi. Mshono ulinyooka. Kama lazima mtu wangu awe gizani, basi tochi isimdondoke. Sijui kama nilifanya vema. Mama mkwe akijua kwamba niliishona mimi, sitakuwa na uso wa kumtazama.

Wakati wa kufunga begi akanyoosha mkono achukue kitabu. Nikakishika.

"Hiki kinabaki," nikasema. "Utakisomea hapa."

Akanielewa. Tulifika wote kwenye ukurasa mmoja Jumapili ile, kwa sababu nilimsomea kwa sauti, na muuaji bado hajajulikana. Akakichukua mkononi mwangu taratibu, akakifungua pale tulipoishia, akatoa ile lastiki iliyochoka, niliyoichomeka tena Jumapili, akaitia mfukoni mwake. Halafu, akinitazama machoni, akakunja pembe ya ukurasa. Akaikunja kubwa, akaipitishia ukucha wake uliovunjika mpaka ikalala.

"We!" nikasema.

"Utanigombeza nikirudi," akasema, akabeba begi lake.

Leo magharibi kumekuwa kweusi tangu asubuhi, na simu yake, kama kila mchana, haipatikani. Kitabu kiko hapa kwenye meza ya cherehani. Pasi imeshika moto, nimenyoosha mashati ya wateja, sketi, mashuka ya watu. Mkono umekwenda kwenye ukurasa ule mara nyingi kwa mazoea tu, nami nimeurudisha. Siunyooshi. Nataka arudi anikute nimekasirika.