Transfa ya Mishamo

Sisi tuliokulia mtaa wa Makanyagio, Mpanda, miaka ya tisini tunajua: gari la mtu mmoja likiharibika, mtaa mzima uliliuguza. Tuliacha mchezo wa rede uwanjani tukaenda kukodolea macho miguu ya mafundi waliolala chini ya gari, tukitafuna mihogo mibichi.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea mahindi. Nikiwa darasa la nne ikafa transfa, ile gia boksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mpya hazikuwepo tena. Baba akasema akikosa iliyotumika kabla ya mvua, ataiuza pikapu kama chuma chakavu, aende Tabora kutafuta kazi, sisi tubaki na mama. Nililia mpaka nikashindwa kumeza ugali.

Fundi alipaka grisi uso wa transfa mbovu, akagandamiza karatasi ya mfuko wa saruji, matundu ya bolti yakajichora. Karatasi ile tukaizungusha gereji zote za Nsemulwa. Kila transfa ilikataa.

Ndipo tukasikia kuna gari bovu kama letu kule Mishamo, kwa mzee mmoja mkulima. Tukadandia lori, mama naye akaja kununua maharage, mimi nikang'ang'ania gauni lake. Mzee akagoma kufungua hata bolti moja kabla hatujala. "Mgeni mwenye njaa haoni vizuri, wanangu," alisema.

Tulipokwisha kula, fundi akaweka karatasi juu ya transfa ya mzee, upande wa grisi ukitazama juu. Matundu yakapishana. Baba akakaa chini kwenye vumbi. Mama, ambaye alikuwa mshonaji, akasogea.

"Nyie, mbona mmeiweka kinyume? Upande wa grisi ndio uliogusa chuma. Mngekuwa mnashona shati, mfuko ungekaa kulia!"

Akaigeuza. Matundu yote yakalingana. Kumbe Nsemulwa tulizikataa nzima ngapi, Mungu anajua. Baba alicheka hadi machozi, nami nikaruka kama mwendawazimu.

Vijana wa leo wanatuma picha kumi za spea kwa simu, spea yenyewe inafika kwa basi, haiingii, wanalaumu mtandao. Mama wa kuwageuzia karatasi hawana.

Baba hakwenda Tabora. Nilimwona kila siku ya utoto wangu, na sikujua kwamba hiyo ni bahati. Mimi ndiye niliyekwenda mbali kikazi, na wanangu nawaona kwenye kioo cha simu. Juzi nimeandika barua ya kuomba uhamisho wa kurudi Mpanda.