Pale Kanda Ilipoishia

Kosa langu la kwanza katika kundi lile lilikuwa kuleta ushahidi. Hakuna aliyeniomba. Watu walikuwa wanabishana kwa raha zao juu ya bendi moja ya zamani, na mimi, mgeni wa wiki chache, nikaenda kutafuta picha ya kumaliza ubishi.

Bendi yenyewe ni ya Waingereza, ya miaka ya sabini, ya ile roki ndefu ambayo wenyewe huiita progresivu: wimbo mmoja unajaza karibu upande mzima wa santuri, kinanda kinagombana na gitaa, mapigo yanahesabiwa saba badala ya manne. Sitaitaja jina. Nilikutana nayo kwenye simu, chumbani kwangu Ilomba, mjini Mbeya, nikijifunza kinanda bila mwalimu na kutafuta mtu wa kunionyesha mapigo ya saba yanakaaje mkononi. Kanisani nilikokuwa napiga hayakutakiwa. Kiongozi wa kwaya aliniambia, "Mdogo wangu, waumini wana miguu miwili tu." Nilicheka naye, nikarudi nyumbani, nikarudia kipande kilekile mpaka jirani akagonga ukuta. Ndivyo nilivyo. Nikikosea noti moja naanza upya, na nikimaliza bila kosa siamini, naanza tena.

Kwa hiyo nilipoingizwa kwenye kundi la simu la watu wa Mbeya na Iringa wanaoipenda bendi hiyo, nilijiona nimefika kwetu. Wengi walikuwa wasomaji tu. Waliokuwa wakisema ni watatu. Mmoja alikuwa mzee mwenye duka la vitambaa Iringa mjini, Mhindi aliyezaliwa palepale, ambaye enzi za kanda alikuwa na chumba cha kurekodia nyuma ya duka na bado ana santuri zake. Mwingine dada mwenye duka la dawa za mifugo Uyole, mkali wa ulimi. Wa tatu alikuwa mtu wa Kilolo aliyekuwa akifanya kazi Makongolosi, kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu.

Huyu wa karasha alikuwa na imani yake. Wimbo mrefu kuliko yote wa bendi ile, alisema, hauna mwisho. Kinanda kinapanda, ngoma zinaacha, mwimbaji anavuta pumzi aanze ubeti wa mwisho, na hapo hapo, kimya. Alikuwa ameusikia hivyo tangu alipokuwa mwanafunzi Iringa, kwenye kanda, mpaka kanda ikaliwa na redio. Kwake hapo ndipo ukubwa wa bendi ulipokuwa.

"Bendi nyingine zote zinakuaga," alisema kwa sauti aliyoirekodi, nyuma yake mashine zikinguruma. "Zinakushika mkono mpaka mlangoni, karibu tena, wasalimie nyumbani. Hawa wamekata. Kama mtu aliyeitwa nje mara moja, hakurudi."

Dada wa Uyole akamjibu, "Kaka, vumbi limekuingia mpaka masikioni. Wimbo una mwisho. Nimeusikia jana kwenye simu, hapa dukani, nauza chanjo ya kuku."

"Huo wameuongeza baadaye. Kampuni iliogopa watu watarudisha santuri wakidhani mbovu."

"Ushahidi?"

"Masikio yangu tangu kidato cha pili. Wewe wakati huo ulikuwa unakula udongo."

"Nilikuwa nakula, na bado nilikuwa na akili kukuzidi!"

Mzee wa vitambaa alikuwa akiwapoza. "Bishaneni tu, wanangu. Lakini albamu nzuri ni ile iliyofuata, ya nyimbo fupi. Hiyo mtu anaisikiliza na bado anampimia mteja mita tatu bila kukosea."

Ubishi huu walikuwa nao kwa miaka. Ungeniuliza leo, ningesema ndio uliowaunganisha. Wakati ule mimi niliona tu jibu linalopatikana na watu wasioenda kulichukua, na jambo la namna hiyo huniwasha mwilini kama upupu. Nikamwandikia Mzee pembeni, nikamwomba picha ya ile karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri, mahali panapochapwa urefu wa kila wimbo. Hakujibu haraka. Halafu akauliza, "Ya nini?" Nikasema nataka kuhakikisha tu. Kesho yake akaituma bila neno.

Dakika zilizochapwa zililingana na zile za kwenye simu. Mwisho ulikuwepo tangu santuri ilipotoka kiwandani. Niliiweka picha kwenye kundi, nikachora mshale mwekundu, na chini yake nikaandika aya niliyoirekebisha asubuhi nzima ili isiwe na kosa hata la nukta. Sentensi ya mwisho ilisema: "Kwa hiyo si bendi iliyokata, ni kanda yako iliyoisha."

Dada wa Uyole akacheka kwa vile vikatuni vya machozi. Wasomaji wetu wa kimya wakajitokeza kucheka naye. Yule wa karasha akaandika, "Sawa, dogo." Jioni ile akatoka kwenye kundi.

Mzee alinipigia simu. Sikuwa nimewahi kusikia sauti yake ikiwa haina utani.

"Kijana, ile kanda niliirekodi mimi."

Sikuelewa.

"Alikuja dukani na sare ya shule. Kanda ya dakika sitini, nusu saa kila upande. Wateja wa wakati ule, kanda ikibaki na kimya mwishoni, wanasema Mhindi ameniibia. Basi nilikuwa natanguliza nyimbo mbili fupi, ili upande ujae. Ule mrefu haukutosha. Nilijua hautatosha."

"Sasa kwa nini hukumwambia miaka yote hii?"

"Nilitaka. Kila nikitaka kusema, naye anaanza kueleza jinsi ulivyo mzuri ule mkato. Ningesemaje? Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso."

Nilianza kuandika barua ya kumwomba radhi yule mtu. Niliiandika kwenye simu, nikaifuta, nikaiandika. Mara ilikuwa ndefu kama ya kujitetea, mara fupi kama ya dharau. Sikuituma. Ilikuwa bado inangoja neno moja kubadilishwa pale dada wa Uyole alipotangaza kwenye kundi kwamba mwenzetu amelazwa hapa Mbeya. Kifua. Miaka yote ya karasha pua yake ilikuwa imefunikwa kwa kipande cha khanga tu, na vumbi la mawe likakaa ndani likafanya kazi yake.

Kutoka Ilomba mpaka hospitali si safari. Hata hivyo nilichukua zaidi ya wiki kwenda, kwa sababu barua ilikuwa haijakamilika. Naandika hili wazi kwa kuwa sina namna nyingine ya kuliandika. Mke wake aliniambia baadaye kuwa siku za mwanzo alikuwa bado anaongea vizuri, anataniana na wauguzi.

Hatukuwa tumewahi kuonana. Nilimkuta ameegemezwa mito, mwembamba, bomba la hewa puani, mikono mikubwa imelala juu ya blanketi kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akaniangalia. "Wewe ndiye wa mshale."

"Ndiyo. Nimekuja kuomba radhi."

"Kaa kwanza. Huyu," akamwambia mkewe, akipumzika kila baada ya maneno machache, "ndiye aliyeniaibisha. Tazama alivyo mdogo. Nilidhani ni mtu mwenye kitambi."

Mke wake hakucheka. Alisogeza chupa ya chai ili nipate pa kukaa.

Nilianza kuisoma ile barua. Akainua kiganja, nikaacha. "Una spika za masikio? Niwekee huo mwisho."

Nikamwekea. Nilimtazama usoni muda wote, nikiogopa kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Ulipokwisha akavua spika.

"Mbaya," akasema.

"Kaka, ndio mwisho wenyewe."

"Sijasema si wenyewe. Nimesema mbaya. Matarumbeta yote yale, kama wamepata harusi."

"Lakini wanarudia wimbo wa mwanzo, ila sasa umefunguka. Unafunga safari yote."

"Nani amekwambia lazima ifungwe?"

Nikamjibu. Nikamwonyesha kwa vidole kwenye ukingo wa kitanda jinsi saba zinavyogeuka nne mwishoni, ili msikilizaji apumzike. Akasema msikilizaji hakuomba kupumzika. Nikasema hata wapigaji walihitaji kutua. Akasema mpigaji anayehitaji kutua akalime viazi. Alikuwa amechoka, lakini macho yake yalikuwa yamechangamka, nami nikagundua kwamba nimesahau kuogopa. Katika mabishano yote niliyowahi kuingia juu ya bendi ile, hilo ndilo la pekee ambalo sikutaka liishe kwa mimi kushinda.

Halafu akauliza, "Hivi aliyerekodi kanda ile, alikuwa amelewa au vipi?" Akataka kucheka, kikohozi kikamkamata. Mkewe akamshika mgongo. Nilikuwa na jibu mdomoni. Lakini Mzee alikuwa amesema atamwambia mwenyewe. Nikatazama sakafu.

Alipotulia akasema alichokuwa amekusudia kuniambia. "Wewe unajua mitambo. Nikatie. Ukate palepale kanda ilipoishia. Mkinizika mnipigie huo wangu, msinipigie wa harusi."

"Usiseme hivyo, kaka."

"Kata, dogo."

Mahali penyewe alikuwa anapajua yeye tu. Nikamrudishia spika, nikaweka wimbo dakika chache kabla, na tukakubaliana ainue kidole. Akafumba macho. Kidole kikainuka, nikaweka alama. Akatikisa kichwa, nimechelewa. Tukarudia. Nimewahi. Tukarudia. Mimi ambaye sikuwa nimewahi kumpata mtu anayetaka jambo liwe sawa kuliko mimi, nilikuwa nimempata, na hakuwa na pumzi ya kutosha. Mwishowe kidole kilipanda na kubaki juu, na midomo yake ikafunguka kidogo, kama ya mwimbaji. Mkewe akasema, "Inatosha sasa, mdogo wangu. Mwache." Nikaondoka.

Nilimpigia Mzee wa Iringa, nikamwambia aje upesi. Akasema anamalizia kupokea mzigo wa sare za shule, atakuja mwanzoni mwa wiki. Wiki haikumsubiri.

Yule wa karasha walimzika kwao Kilolo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la nyumba, udongo mwekundu unanata kwenye viatu, watu wamejifunga mablanketi mabegani, wanasalimiana "kamwene" kwa sauti ya chini. Dada wa Uyole alikuja na koti la mvua. Mzee alikuja amevaa suti, amebeba mfuko wenye santuri ile ndani. Alisema hakujua aje na nini kingine.

"Ulimwambia?" akaniuliza.

"Hapana. Ulisema utamwambia mwenyewe."

"Ndiyo," akasema. "Nilisema."



Kulikuwa na spika kubwa mbili chini ya turubai, za kwaya. Nilikuwa na wimbo kwenye flashi, umekatwa palepale. Nikamfuata kaka wa marehemu, aliyekuwa msemaji wa familia, nikamweleza kuwa mdogo wake aliniomba. Alinisikiliza kwa heshima.

"Ni wimbo gani huo?"

"Wa bendi ya Wazungu aliyoipenda."

"Una neno la Mungu?"

Nilijua kila neno la wimbo ule. Ni juu ya mtu aliyepotea mlimani na jua lisilochwea. Angeniuliza tu kama ni mzuri, ningejua la kusema.

"Hapana," nikasema. "Hauna."

"Basi hapa hapana, mdogo wangu. Mama yetu yupo. Utatusamehe."

Nikarudi kusimama na wenzangu. Dada wa Uyole aliposikia akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma. "Ungesema lipo! Nani hapa angejua Kiingereza cha wale wavuta bangi? Ungesema lipo, basi!"

"Lakini halipo."

"Mungu wangu," akasema, na akalia kwa mara ya kwanza siku ile. Sijui alimlilia nani.

Kwaya ikaimba. Mwinjilisti akasoma. Udongo uliingia kaburini kwa mabonge, maana ulikuwa umeloa, na mabonge yalitoa mlio mzito kwenye mbao. Mke wake alinitafuta kwa macho mara moja, akaona spika zinaimba pambio, akaangalia pembeni. Alikuwepo siku ile ya kidole. Alikuwa anajua nani aliombwa nini, na nani hakukifanya.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Mzee amefunga chumba cha nyuma cha duka. Dada wa Uyole bado ananitukana kila siku, jambo ambalo nashukuru. Sijaacha kusahihisha watu, na sidhani nitaacha. Kilichobadilika ni kwamba sasa namwuliza mtu kwanza alikipata wapi anachokiamini, namwuliza pembeni, na nikiona kosa lake halimdhuru yeyote, namwachia. Na nikiwa na mtu wa kumwendea, naenda siku hiyohiyo, hata kama sijui nitasema nini.