Kuku wa Mgonjwa

Juzi, ndani ya basi la kutoka Singida kwenda Manyoni, niliketi nyuma ya mzee na mkewe. Nikawaamkia, nikauliza safari.

"Tunakimbia wageni, mwanangu," mama akasema, akicheka bila nguvu. "Tangu mzee wangu apasuliwe tumbo, mwaka mzima watu wanakuja kumpa pole. Kila anayekuja tunamchinjia. Sasa daktari kasema mgonjwa anywe mchuzi wa kuku, na bandani amebaki jogoo mmoja."

"Tunakwenda kwa binti yetu," mzee akadakia. "Na sisi tukachinjiwe."

Tulipofika Ikungi, simu ya mama ikalia. Alisikiliza, kisha akajifunga upya kitenge.

"Wakwe zetu wa Mkalama wako mlangoni. Wamekuja kukuona."

Mzee alifumba macho kitambo. Halafu akainua fimbo. "Kondakta, tushushe hapa."

Wakavuka barabara taratibu, wakasimama kungoja basi la kurudi.

Niliwahurumia sana, mpaka nilipomkumbuka mjomba wangu wa Unyambwa, ambaye naye anaumwa. Jumapili iliyofuata nilikwenda kumjulia hali. Nilikula mapaja yote mawili, nikamwachia pole.